Shina kubwa la junipa ya mlimani: kuchonga kuanzie wapi?

SWALI: Ninaishi Colorado, Marekani. Miaka miwili iliyopita nilinunua junipa kubwa (mti wa jamii ya mtarakwa) kwa mchimbaji mwenye kibali, aliyeitoa mlimani. Nataka kuifanya bonsai, yaani mti unaokuzwa na kuumbwa ndani ya chungu. Shina lina unene wa sentimita 22 hivi chini, urefu ni sentimita 90, na nusu yake ni mbao kavu nyeupe. Sehemu ya juu imenyooka kabisa. Majani yako kwenye matawi mawili tu, tena mbali na shina. Nimeshanunua grenda na vichwa vya kuchongea. Nianze kuchonga wapi? Naweza kuikunja hiyo sehemu ya juu? Mbao nyeupe nitaihifadhije? Na je, kaka yangu aliyeko Nyeri anaweza kuchimba mtarakwa msituni afanye kazi kama hii?

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa kuutunza mti huo miaka miwili bila kuugusa. Wengi hawana subira hiyo. Kuhusu grenda, naomba ibaki kwenye boksi lake kwa sasa. Junipa ya aina hii haichongwi kwa kuangalia mbao kavu, inachongwa kwa kuangalia sehemu iliyo hai. Ukishajua uhai unapita wapi, unatoka mzizi gani na unaishia tawi gani, ndipo utakapojua mbao ipi iondoke na ipi ibaki.

Nianze na jinsi mti wako ulivyopata umbo hilo, kwa sababu kila hatua ya kuchonga inatoka hapo. Kwa kuwa uko Colorado, nachukulia ni junipa ya Rocky Mountain, yaani Juniperus scopulorum. Huota kuanzia magharibi mwa Kanada ikishuka Montana, Wyoming, Utah na Colorado hadi kaskazini mwa Mexico. Kwenye udongo mzuri huwa mti wa kawaida, umesimama wima, hauna la kushangaza. Watu wa bonsai huitafuta ile iliyoota kwenye ufa wa mwamba, mahali penye udongo haba na upepo usiokoma. Huko mizizi hufa mmoja baada ya mwingine kwa ukame, kwa mawe yanayoporomoka, kwa uzito wa theluji. Na junipa ina tabia yake: mzizi ukifa, ukanda wa shina uliokuwa ukilishwa na mzizi huo hufa nao, mara nyingi pamoja na tawi la juu yake. Upande wa pili unaendelea kuishi. Kwenye bonde la Logan huko Utah uko mmoja wa jamii hii, Jardine Juniper, unaokadiriwa kuwa na miaka ipatayo 1,500, na sehemu kubwa ya shina lake ni mbao kavu.

Ukanda ulio hai huongeza mbao mpya kila mwaka. Uliokufa hauongezi kitu, na upepo, mchanga na barafu vinaendelea kuupunguza. Miaka ikipita, ukanda hai unavimba na kusimama juu ya ule mkavu. Huo ndio mshipa hai. Na kwa kuwa nyuzi za mbao ya junipa mara nyingi huzunguka shina badala ya kupanda wima, mshipa nao huzunguka. Unaweza kuuona mbele karibu na udongo, ukapotea nyuma, kisha ukatokea tena juu upande wa kushoto. Mtu anayeanza na grenda bila kuufuata mzunguko huo anaukata bila kujua, na tawi linabaki la kijani miezi kadhaa kabla halijaonyesha kwamba limekufa. Junipa huchelewa sana kuonyesha kifo.

Kwa hiyo kwanza tuhakikishe mti wako una nguvu. Shika shina uusukume taratibu. Kama unacheza ndani ya sanduku ulimopandwa, mizizi mipya haijashika, subiri msimu mwingine na uukaze kwa waya hadi kwenye kuta za sanduku. Kisha tazama ncha za majani. Mti uliopona hurefusha ncha zake, rangi yake inakuwa ya kijani changamfu kuliko majani ya zamani, na hufanya hivyo kwenye matawi yote. Ukiona tawi moja linarefuka na jingine limelala, chukulia kwamba mshipa wa hilo la pili bado haujapata mizizi ya kutosha. Usizichume ncha hizo kwa vidole, kama bado kuna mtu anakufundisha hivyo. Nguvu ya junipa iko kwenye majani yake, na kila ncha unayoiondoa sasa unaipunguzia mizizi chakula.

Tuseme mti umepita mtihani huo. Chukua siku nzima ya kutafuta mshipa, na ninaposema siku nzima namaanisha hivyo. Vifaa ni ndoo ya maji, mswaki mgumu, kisu kidogo na chaki. Loanisha shina lote. Gome la nje la junipa ni la nyuzinyuzi, linatoka kwa matabaka makavu. Yasugue kwa mswaki kutoka chini kwenda juu, usikwangue kwa nguvu. Chini yake, palipo hai, utakuta gome laini la rangi nyekundu iliyokolea. Palipokufa, gome linabanduka lote na mbao ya kijivu inatokea. Kati ya hapo na pale kuna ukingo, mdomo mnene wa mviringo ambapo mti unajaribu kuifunika mbao kavu. Pitisha kidole kwenye mdomo huo uufuate. Ukifika mahali unapotilia shaka, kwangua alama ndogo mno kwa ncha ya kisu: kijani kibichi au weupe wenye unyevu maana yake ni hai, kahawia maana yake ni pamekufa. Piga mstari wa chaki pande zote mbili za mshipa, kutoka mzizi hadi tawi, bila kuruka sehemu ya nyuma wala ya chini ya mpindo. Katika mti wenye matawi mawili kama wako sitashangaa ukikuta mishipa miwili tofauti. Piga picha za kila upande, kwa sababu chaki itafutika.

Sasa weka mti kwenye meza inayozunguka, au hata juu ya ndoo, uutazame kwa siku kadhaa. Mbele ya mti huu itakuwa pale ambapo mshipa hai na mbao kavu vinaonekana pamoja, vikipishana. Upande unaoonyesha mbao nyeupe peke yake unapendeza kwenye picha, lakini mtazamaji haoni kinachouweka mti hai. Upande wenye gome pekee unaficha miaka yote ya mlimani.

Tatizo lako kubwa ni majani kuwa mbali na shina, na hili grenda haitalitatua. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuyarudisha matawi hayo karibu na shina kwa kuyakunja. Ya pili ni kupandikiza vikonyo kwenye mshipa hai, karibu na pale unapotaka majani yawe. Wengi Marekani hupandikiza shimpaku, junipa ya Kijapani, hasa ile ya Itoigawa, kwa sababu majani yake ni madogo na yanajipanga vizuri. Asili yake ni majabali ya wilaya ya Niigata, ambako wachimbaji wa zamani walishuka kwa kamba kuitafuta na wengine wakapoteza maisha. Kwenye majimbo yenye unyevu mwingi upandikizaji huo una sababu ya ziada, maana majani ya Rocky Mountain hushambuliwa na kutu ya fangasi inayohamia kwenye mitofaa na kurudi. Colorado ni kavu. Kwa maoni yangu mti uliotoka milima ya huko, ukabaki huko, ubaki na majani yake mwenyewe. Kunja kwanza. Ukishindwa kabisa, kupandikiza kutakuwapo tu.

Nirudi kwenye grenda. Masahiko Kimura, fundi wa bonsai wa Kijapani aliyezaliwa 1940 na kufanyia kazi zake Omiya, kaskazini mwa Tokyo, ndiye aliyeionyesha dunia kwamba mashine zinaweza kulibadilisha shina kubwa la junipa ndani ya muda mfupi. Ryan Neil, Mmarekani aliyejifunza kwake miaka sita, alirudi Marekani akaanzisha kituo chake cha bonsai, Bonsai Mirai, huko Oregon na kuelekeza macho kwenye miti ya asili ya Marekani kama huu wako. Watu walipoona picha za kazi hizo walinunua mashine. Ambacho picha hazionyeshi ni kwamba mashine hutumika kuondoa wingi wa mbao, na sura ya mwisho inatoka kwenye nyuzi zenyewe. Shina lililochongwa kwa mashine mwanzo hadi mwisho unalitambua kutoka mbali: mifereji yenye upana mmoja, matundu ya duara, na mikato inayopita juu ya nyuzi badala ya kuzifuata. Mlimani hakuna upepo unaotoboa tundu la duara.

Mbao kavu iliyotoka mlimani ikiwa nyeupe tayari, kwa miaka mingi ya jua, usiiguse. Hilo nalisema kwa moyo wote, kwa sababu uso ule hauwezi kurudishwa na fundi yeyote. Unachotakiwa kuchonga ni makovu ya binadamu: pale msumeno wa mchimbaji ulipokata mzizi au tawi, pale palipobaki kisiki bapa, na ile sehemu ya juu iliyonyooka ambayo haina uzee wowote.

Chukua kisiki kimoja kilichokatwa kwa msumeno. Kipasue kwa plaizi kali ya kukatia matawi, ukiuma kutoka kwenye uso uliokatwa kwa kufuata urefu wa tawi. Shika ubapa mmoja kwa plaizi ya kawaida, uuzungushe na kuuvuta kuelekea kwenye shina. Mbao itachanika yenyewe kwa kufuata nyuzi zake, ikipinda pale nyuzi zinapopinda na kuruka pale palipokuwa na kifundo. Ule mchaniko ndio ramani yako. Ukikaribia mstari wa chaki, simama, kata nyuzi kwa kisu ili mchaniko usiingie kwenye mshipa. Rudia hadi kisiki kipungue na kuchongoka. Dakika kumi za kuchana hivyo zitakufundisha mbao ya mti wako kuliko saa nzima ya mashine. Tawi lililokaushwa hivi Wajapani huliita jin, na ukanda mkavu wa shina huuita shari, ukitaka kutafuta picha za kujifunzia.

Baada ya hapo ndipo grenda inaingia, kama bado kuna wingi wa kuondoa. Tumia ile ndogo yenye ncha iliyonyooka, si ya diski, hasa karibu na mshipa. Mashine hizi huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na kichwa kikikwama kwenye kifundo kinaruka. Ishike kwa mikono miwili, egemeza viwiko mezani, na uchonge kwa kufuata mkondo wa nyuzi. Miwani ya kinga, barakoa ya vumbi na kinga ya masikio si hiari. Vumbi la junipa linawasha koo na mapafu. Usivae glovu za kitambaa zinazoning'inia. Funika mshipa hai kwa kitambaa kibichi na juu yake mkanda mnene, ili mkono ukiteleza kuwe na kitu cha kuupokea. Kila shimo unaloacha liwe na njia ya maji kutoka, maana maji yanayotuama huozesha hata mbao ya junipa, hasa ile nyeupe ya nje. Moyo wake mwekundu ni mgumu kuoza.

Maliza kwa mkono: patasi nyembamba, bobari, kisha brashi ya waya. Manyoya ya mbao yanayobaki yachome kwa moto mdogo wa gesi, ukiupitisha haraka, kisha usugue masizi kwa brashi. Halafu acha mti nje mwaka mzima. Jua la Colorado lina ukali wa kutosha kufanya kazi ambayo msasa hauwezi.

Huenda ukatamani kuupunguza mshipa hai wenyewe ili mbao nyeupe iongezeke. Inawezekana, na wakati mwingine mti unapendeza zaidi. Fanya hivyo kwa ukanda mwembamba tu, upande mmoja, mwishoni mwa majira ya kuchipua au mwanzoni mwa kiangazi, gome linapobanduka kirahisi. Kata ukingo kwa kisu kikali ili ujifunge vizuri. Kisha subiri mwaka uone majani yanasemaje. Mshipa unaolisha tawi lako kubwa zaidi usiuguse kabisa mwaka huu.

Kuhusu kuikunja sehemu ya juu, kiufundi inawezekana. Shina nene linakunjika ukilitoboa kutoka upande wa mbao kavu na kuondoa moyo wake, mpaka sehemu hai ibaki ganda la unene wa sentimita moja na nusu hivi lenye gome lake. Kisha unalifunga kwa nyuzi za rafia zilizolowekwa au vipande vya tyubu ya baiskeli, unalaza waya nene wa shaba kwenye upande utakaokuwa nje ya mpindo, na kulivuta polepole kwa waya uliofungwa kwenye nondo, ukikaza kidogo kila baada ya siku kadhaa. Kazi hii hufanywa mwishoni mwa baridi, kabla gome halijaanza kulegea, na mti baadaye haupaswi kuganda kwa barafu. Ukisikia mlio wa kuchanika, simama hapo hapo.

Lakini kwa mti wako sikushauri. Sehemu ya juu iliyonyooka, isiyo na majani, kazi yake nzuri ni kuwa kilele kikavu kilichopungua. Ikate ibaki theluthi moja au nusu, kisha uichane kama nilivyoeleza, ili unene wake upungue kuelekea ncha na ufuate mzunguko ule ule wa nyuzi ulio chini. Kabla ya kukata, hakikisha mstari wa chaki hauendi huko. Shina la sentimita 22 likiwa na urefu wa sentimita 60 hivi litaonekana kubwa na zee kuliko lilivyo sasa. Nguvu zako za kukunja zitumie kwenye matawi yale mawili. Moja lishushe liwe bamba kuu la majani chini ya kilele, jingine lizungushe nyuma ya shina lilete kina. Yakunje kwa kuyasokota kuelekea upande nyuzi zinakozungukia. Ukisokota kinyume yatapasuka. Na usichonge na kukunja kwenye mwaka mmoja. Mimi ningekunja mwishoni mwa baridi ijayo, nikaacha mti upumzike hadi ncha zirefuke tena, ndipo nikachonga.

Uhifadhi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Dawa ni yale maji ya chokaa na salfa ambayo wakulima wa matunda huipulizia miti wakati wa baridi. Subiri mbao iliyochongwa ikauke na kupigwa na jua angalau msimu mmoja. Siku ya kupaka iwe kavu na yenye jua. Loanisha mbao kidogo kwa maji ili dawa izame, paka kwa brashi ndogo, usiiruhusu iguse mshipa hai, na funika udongo kwa plastiki. Itakuwa ya njano na harufu itakuwa ya mayai yaliyooza. Ndani ya siku chache inageuka nyeupe. Paka nje ya nyumba, ukiwa na glovu za mpira na miwani, na usiichanganye kamwe na siki wala asidi yoyote, maana hutoa gesi inayoua. Weupe mkali wa mara ya kwanza unachukiza kidogo. Tone la wino mweusi ndani ya dawa huurudisha karibu na kijivu cha mlimani. Mara moja kwa mwaka inatosha. Mbao iliyoanza kulainika karibu na udongo ikaushe kwanza, kisha inyweshe gundi nyepesi ya kugandisha mbao.

Mwisho, kaka yako wa Nyeri. Mtarakwa, Juniperus procera, ni ndugu halisi wa mti wako, na ndiyo junipa pekee inayovuka ikweta kiasili, ikitoka Uarabuni na Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Zimbabwe. Kwenye misitu ya milimani huweza kufikia mita 40. Kuuchimba kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa kisheria, na hata kama angepata njia, misitu hiyo imeshapoteza mitarakwa mingi mno kwa nguzo na mbao. Huko kwenu, mchimbaji wako alipata kibali kwa sababu huduma ya misitu ya Marekani huvitoa kwa maeneo maalumu, na kwenye hifadhi za taifa havitolewi. Kaka yako anunue miche ya kitalu, au aulize kwenye mashamba ya watu binafsi panapong'olewa ua wa zamani wa mitarakwa, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mche aupande ardhini, auzungushie waya ungali mwembamba kama kalamu ili shina lipate mizunguko, na kila mwaka abandue ukanda mwembamba wa gome upande mmoja, akiufuata mzunguko huo. Autie kwenye chungu pale tu shina litakapokuwa na unene anaoutaka, kwa sababu ndani ya chungu unene hauongezeki tena kwa kasi ya maana.